HEWA YA NYUMBANI MWETU: TUIKAGUE KAMA TUNAVYOKAGUA DAFTARI LA HISA

(Mada iliyotolewa na Kamati ya Afya ya kikundi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Miaka kumi si mchezo. Wapo waliosema tangu mwanzo kwamba fedha za wanawake hazikai pamoja, zitaishia kwenye ugomvi. Leo sanduku ni lile lile, kufuli ni zile zile tatu, na funguo bado zinakaa kwa watu watatu tofauti. Wamesomeshwa watoto, mashamba ya viazi yamelimwa, bati zimepanda juu ya nyumba. Akina mama, hongereni sana.

Mama Mwenyekiti alituagiza sisi wa Kamati ya Afya tuandae mada fupi. Tulikaa tukajadiliana. Mwingine alisema tuzungumzie lishe, mwingine akasema shinikizo la damu. Mwisho tukakubaliana tuseme juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anakitumia usiku na mchana, hakiuzwi dukani, na hakuna anayekikagua. Kitu hicho ni hewa iliyomo ndani ya nyumba zetu.

Najua wapo watakaosema, jamani, hewa nayo inakaguliwa? Sisi wa huku juu Njombe si tunasifiwa kwa hewa safi? Ni kweli. Ukisimama nje asubuhi unavuta hewa ya milimani, hewa nzuri kabisa. Lakini mama hapiki nje ya nyumba, na mtoto halali mlimani. Huku kwetu baridi ya Juni na Julai hufunga madirisha mapema, na tukishafunga dirisha, hewa tunayovuta ni ile tuliyoitengeneza wenyewe humo ndani.

Kwa nini jambo hili ni zito

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa kupikia. Kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Shirika hilo linasema pia kwamba mtoto anayekaa kwenye moshi wa nyumbani yuko karibu mara mbili zaidi kwenye hatari ya kupata nimonia na magonjwa mengine ya njia ya hewa.

Wengi wetu tunadhani moshi unaumiza macho na kifua basi. Kumbe sivyo. Katika vifo hivyo, sehemu kubwa ni vya moyo na kiharusi, halafu ndiyo yanakuja magonjwa ya mapafu, na saratani ya mapafu. Mama ambaye hajawahi kuvuta sigara hata moja katika maisha yake anaweza kuwa na mapafu kama ya mvutaji, kwa sababu ya mafiga.

Moshi una vitu viwili vya kuogopwa zaidi. Cha kwanza ni chembechembe ndogo sana za masizi. Zile za hatari ni ndogo kiasi kwamba ukizipanga kama thelathini ndipo zifikie unene wa unywele mmoja. Hazikamatwi na pua wala koo. Zinafika chini kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika meta moja ya ujazo wa hewa. Katika nyumba isiyopitisha hewa vizuri, moto wa kuni unaweza kupandisha chembe hizo hadi mara 100 ya kiwango kinachokubalika. Mara mia moja! Hebu fikirini mkopo wa riba ya namna hiyo, nani angeuchukua?

Cha pili ni gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hiyo tutaieleza peke yake, kwa sababu haina moshi wala harufu, na inaua kwa usiku mmoja.

Anayeumia zaidi ni nani

Katika miaka ya 1990 watafiti walikaa Laikipia, katikati ya Kenya, wakapima moshi ndani ya nyumba na kuandika nani amekaa wapi na kwa muda gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Waliona kwamba kadiri mtu anavyokaa kwenye moshi mwingi ndivyo anavyougua zaidi magonjwa ya njia ya hewa. Waliona pia kwamba moshi haukai sawasawa siku nzima. Unapanda ghafla wakati wa kuwasha, kuchochea na kuongeza kuni. Na wakati huo huo ndio mpishi ameinama juu ya moto, anapuliza.

Basi wote mliomo humu mnajua nani huwa ameinama. Ni mama, ni binti anayesaidiwa kufundishwa kazi, na ni mtoto aliye mgongoni. Baba anakuja chakula kikiwa tayari. Hatusemi haya kwa kuwalaumu akina baba, tunasema ili tuelewe kwamba familia moja haivuti hewa moja. Wenzetu wanaopika komoni wanakaa na moto mkubwa saa nyingi kuliko mama anayepika ugali. Hao tuwaangalie kwa namna ya pekee.

Ukaguzi wa nyumba: hatua nane

Kupima hewa kwa mashine ni kazi ya wataalamu. Lakini nyumba inasema yenyewe, ukijua pa kutazama. Kamati yetu imeandaa hatua nane ambazo mama anaweza kuzifanya bila gharama yoyote.

1. *Tazama juu.* Angalia bati, kenchi na pembe za kuta. Masizi meusi yanayoning'inia kama utando ni hesabu ya moshi wa miaka. Jikoni tunayategemea. Lakini ukiyakuta juu ya chumba cha kulala, ujue moshi unapita juu ya ukuta na kushukia kitandani.

2. *Kitambaa cheupe.* Lowesha kitambaa cheupe, kamua, pangusa ukuta chumbani mpaka uwe safi. Baada ya wiki moja pangusa mahali pale pale. Kilichobaki kwenye kitambaa ndicho kilichokuwa kinaelea hewani, na sehemu yake mmeshaivuta.

3. *Pua baada ya kutoka nje.* Pua huzoea. Mtu aliyekaa ndani hasikii harufu ya nyumba yake. Toka nje robo saa, vuta hewa, halafu ingia. Harufu ya kwanza utakayoisikia, iwe ya moshi, mafuta ya taa, unyevu au dawa ya shambani, ndiyo hali halisi.

4. *Mwanga wa jua.* Asubuhi jua linapopenya kwenye upenyo, tazama ule mshale wa mwanga. Ukiona moshi wa buluu unaelea humo wakati moto umekwisha kuzimwa, hewa haitoki.

5. *Ufuatilie moshi.* Chukua udi au kijiti kinachofuka. Kiweke karibu na jiko, halafu dirishani, halafu mlangoni. Moshi unakwenda wapi? Kama unatoka nje, vizuri. Kama unazunguka na kurudi, au unaelekea chumba cha watoto, umepata jibu.

6. *Unyevu na ukungu.* Vuta kabati, tazama nyuma ya kitanda. Madoa meusi au ya kijani ukutani ni kuvu. Matone yanayodondoka kwenye bati alfajiri ni pumzi zenu wenyewe zilizokosa pa kutokea. Kuvu huwasumbua hasa wenye pumu.

7. *Chini ya uvungu.* Dawa za viazi, dawa za maparachichi, dawa ya kuhifadhia mahindi, mafuta ya taa. Wengi tunazificha chumbani kwa kuogopa wezi. Chupa ikifunguliwa, hata kifuniko kikirudishwa, hewa yake hutoka usiku kucha. Hizo zijengewe kisanduku cha kufuli nje ya nyumba ya kulala.

8. *Daftari la kikohozi.* Tunajua kuandika hisa, faini na marejesho. Sasa andika: nani alikohoa wiki hii, saa ngapi, siku ngapi. Mtoto anayekohoa kila jioni moto unapowashwa na kupona akienda kwa shangazi yake, ugonjwa wake uko jikoni.

Kuhusu kikohozi tutoe angalizo. Si kila kikohozi ni cha moshi. Mtu mzima aliyekohoa wiki mbili au zaidi aende kupimwa kifua kikuu. Na mtoto anayepumua haraka haraka asingoje kesho. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Kichanga wa chini ya miezi miwili akifikisha 60, mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, mwenye mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, hiyo ni dalili ya nimonia. Mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, ni hatari zaidi. Mpeleke zahanati saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Sumu isiyonuka

Ndugu zangu, hapa tunaomba utulivu, hata wa kule nyuma.

Mkaa ukishakolea huwa mwekundu, mzuri, hauna moshi. Ndiyo maana tunauamini. Tunasema moshi umekwisha, sasa jiko liingie ndani. Lakini mkaa huo mwekundu ndio unaotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na huendelea kuitoa hata ukifunikwa na majivu. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inaingia kwenye damu na kushika mahali pa oksijeni. Damu inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Mtu anavuta pumzi kama kawaida lakini mwili unakufa kwa kukosa hewa, naye amelala.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, miguu kukosa nguvu, na akili kuchanganyikiwa. Hakuna homa. Na alama kubwa ni hii: walio ndani wanaugua wote kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu.

Mwenzetu mmoja ametupa ruhusa tueleze yaliyomkuta bila kumtaja jina. Ilikuwa mwezi wa Julai, baridi kali. Jiko lilikuwa chumbani, mlango umefungwa, na kitambaa kimezibwa chini yake ili upepo usipenye. Usiku wa manane watoto wawili walianza kutapika. Yeye mwenyewe kichwa kilikuwa kinapasuka. Alidhani ni chakula walichokula jioni. Alitaka kuinuka, magoti yakakataa. Mama mkwe wake, aliyelala nyumba ya pili, aliwasikia watoto wanalia, akaja, akasukuma mlango, akawavuta nje mmoja mmoja. Majirani siku ile walisema ni mkono wa mtu. Mganga wa zahanati aliuliza swali moja tu: mlilala na jiko? Tunashukuru wote wako hai. Wengine katika mikoa ya baridi hawakupata bahati hiyo, na kila mwaka tunasikia matangazo ya misiba ya namna hii.

Mkikuta watu katika hali hiyo, fungueni milango na madirisha, watoeni nje, kisha jiko litolewe. Waende kituo cha afya chenye oksijeni hata kama wanasema wamepona. Mama mjamzito asibaki nyumbani kwa sababu anajisikia nafuu, maana mtoto aliye tumboni huumia kuliko yeye. Maziwa hayaondoi sumu hii. Na aliyezimia asinyweshwe kitu chochote, atapaliwa.

Mama mzazi na kichanga

Hapa ndipo penye mzizi wa mada yetu, na tunasema kwa heshima zote mbele ya bibi zetu.

Mila yetu ni kumtunza mama mzazi. Anakandwa maji ya moto, anapewa uji, anakaa ndani na mtoto wake, na chumba kinapashwa joto. Nia ni njema kabisa. Kichanga akipoa mwili anaweza kufa, bibi zetu walilijua hilo kabla ya hospitali kujengwa. Zamani nyumba zilikuwa za nyasi, kuta zina matundu, moshi ulipenya na hewa iliingia. Siku hizi tumejenga kwa matofali ya kuchoma, tumeweka bati, dari na madirisha ya vioo. Nyumba imekuwa bora, lakini imezibwa. Jiko lile lile lililokuwa na nafuu katika nyumba ya bibi linakuwa kaburi katika nyumba ya mjukuu. Mila haikuwa mbaya, ni nyumba iliyobadilika.

Basi tumpashe joto mtoto kwa njia nyingine. Avuliwe, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja kwa kanga na blanketi. Mwili wa mama ni jiko lisilotoa sumu. Avalishwe kofia na soksi, maana joto la kichanga hupotelea sana kichwani. Kitanda kipashwe kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, nayo iondolewe kabla mtoto hajalazwa ili asiungue. Wageni nao wasiombwe kuketi wakivuta sigara chumbani. Na jiko la mkaa lisilale na mama mzazi hata usiku mmoja.

Wenzetu walijaribu nini

Tusije tukadhani kununua jiko jipya kunamaliza kila kitu. Tuwaangalie wengine.

Kule milimani Guatemala, kwenye baridi kama ya kwetu, watafiti walizijengea familia majiko ya kuni yenye bomba la kutolea moshi nje, wakazilinganisha na familia zilizobaki na moto wa wazi. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Hewa ya sumu waliyoivuta watoto ilipungua kwa nusu, na nimonia kali ilipungua kwa karibu theluthi moja. Nimonia kwa jumla haikupungua kiasi cha kuthibitika.

Jirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, walipewa majiko yenye feni yanayochoma kuni vizuri zaidi. Utafiti huo ulihusisha zaidi ya watoto 10,000, na majibu yakatoka mwaka 2017. Nimonia haikupungua. Sababu moja inayotajwa ni kwamba moshi mwingine uliendelea: taka zinachomwa uwanjani, sigara, na moshi wa nyumba za jirani.

Tunajifunza nini? Jiko jipya likiwekwa kona na mafiga yakaendelea kufuka pembeni, hatujafanya kitu. Na nyumba moja ikisafisha hewa wakati mtaa mzima unafuka, faida inakuwa ndogo. Mambo haya yanataka kikundi. Nasi ni kikundi.

Tufanye nini: kuanzia yasiyo na gharama

*Bila senti.* Tukaushe kuni. Kuni mbichi hula moto kwa kuchemsha maji yaliyomo ndani yake, na hutoa moshi mwingi. Zipasuliwe ndogo, zipangwe chini ya paa miezi kadhaa kabla ya kutumika. Maharage yalowekwe tangu jana. Sufuria ifunikwe. Mlango na dirisha la jikoni vifunguliwe kabla ya kuwasha, si baada ya macho kuanza kutoa machozi. Mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kuwasha na kuchochea.

Tena tuache kabisa kuwashia mkaa kwa nailoni, kandambili kuukuu na vipande vya mpira. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini nailoni za vifungashio bado zipo, na moshi wake una sumu kuliko wa kuni. Mkaa uwashiwe nje kwa vijiti na majani makavu ya misonobari, ambayo huku kwetu yamejaa.

*Kwa gharama ndogo.* Kikapu cha kuhifadhi joto kinatengenezwa kwa tenga, majani makavu na blanketi kuukuu. Maharage yakichemka vizuri yanahamishiwa humo na kujipika yenyewe bila moto. Kibatari kibadilishwe kwa taa ya jua. Mafuta ya taa hayafai kupikia wala kuwashia ndani, na Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu mwaka 2014 yaepukwe. Anayeamka na makamasi meusi hahitaji kuelezwa zaidi. Ukuta wa jikoni utobolewe madirisha mawili yanayotazamana, na nafasi iachwe juu, chini ya paa, lakini upande wa chumba cha kulala uzibwe hadi juu.

*Kwa mkopo.* Jiko la kuni la udongo au matofali lenye bomba lililopita juu ya mgongo wa paa. Bomba likiishia chini ya paa, moshi unarudi ndani. Lisafishwe masizi mara kwa mara, la sivyo litaziba. Halafu kuna gesi na umeme. Mei 8, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Wakala wa Nishati Vijijini nao umekuwa ukisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Tuulizie ofisi ya kijiji, tusisubiri kuletewa.

Anayetumia gesi naye akague. Mpira na kichwa cha mtungi vipakwe povu la sabuni. Mapovu yakivimba, panavuja. Usijaribu kwa kiberiti. Gesi ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni. Ukisikia harufu yake fungua milango, usiwashe wala kuzima taa, toa mtungi nje. Na moto wa gesi unatakiwa uwe wa buluu. Ukiwa wa njano na sufuria inashika masizi, jiko linahitaji kusafishwa.

Wapo watakaotuuliza juu ya mbegu. Mahindi ya mbegu tunayatundika juu ya mafiga, moshi unafukuza fukusi. Ni kweli, moshi una kazi yake. Basi mbegu zibaki jikoni, watu watoke. Tusiwakaushe watoto pamoja na mahindi.

Ombi letu kwa kikundi

Mama Mwenyekiti, tunayo maombi matatu, na tunaomba yajadiliwe katika mkutano wa kwanza baada ya sherehe hii.

La kwanza ni ahadi. Kila mwanachama aahidi mbele ya wenzake kwamba jiko la mkaa halitalala ndani ya nyumba yake. Wenye zamu ya kumtembelea mama mzazi wapewe na kazi ya kukagua chumba, kama tunavyokagua biashara ya mkopaji.

La pili ni mkopo wa jiko. Leo mtu anakopa kwa ajili ya mbolea au ada, lakini akitaka bomba la moshi anaambiwa hilo si la uzalishaji. Sisi tunasema ni la uzalishaji. Mama anayelea mtoto wa nimonia wiki mbili hospitali hauzi viazi, na hisa zake zinasimama. Tunaomba mkopo huo uwe na riba nafuu na urejeshwe kidogo kidogo.

La tatu ndilo litakaloleta mjadala. Kuna vifaa vidogo vya betri vinavyolia king'ora vinapokuta kaboni monoksaidi. Vinauzwa mijini. Tunaomba Mfuko wa Jamii ununue viwili, viwe mali ya kikundi, viazimwe katika nyumba zenye kichanga kila msimu wa baridi. Tunafahamu kwamba fedha iliyobaki imekwisha kupendekezwa kwa sare mpya ya kitenge. Hatupingi kitenge, nasi tunapenda kupendeza. Tunachouliza ni kimoja: mwaka kesho tukisimama hapa tumevaa sare, tungependa tuwe wangapi? Na kifaa hicho si ruhusa ya kulala na jiko. Betri huisha. Ahadi ya kwanza ndiyo kinga, kifaa ni mlinzi wa pili.

Akina baba, nanyi tuna neno. Kutoboa dirisha, kuinua bomba juu ya paa na kupasua kuni ni kazi za mikono yenu. Mkitusaidia hilo, mtakuwa mmechangia hisa kubwa kuliko zote.

Mgeni Rasmi, akina mama, kwa miaka kumi tumekaguana daftari bila kuoneana haya, na ndiyo maana sanduku letu halijawahi kupungua hata shilingi. Tuanze sasa kukaguana nyumba kwa moyo ule ule. Wiki ijayo wajumbe wa kamati tutaanza na nyumba zetu wenyewe, halafu tutapita kwa kila atakayetukaribisha, na vitambaa vyetu vyeupe mkononi.



Akina mama, oyee!